Mikono ya Nani Imo Kwenye Kioo? Historia Fupi ya Viziwi katika Filamu na Televisheni

Katika orodha ya madai ya haki za watu wenye ulemavu, filamu na televisheni huwekwa mwishoni, kana kwamba ni jambo la anasa litakaloshughulikiwa baada ya shule, hospitali na mahakama kukamilika. Nauelewa mpangilio huo, lakini siukubali. Hakimu anayeamua kesi ya kiziwi, muuguzi anayempokea mama kiziwi wodini, na afisa elimu anayepanga bajeti ya shule ya viziwi, mara nyingi hawajawahi kukaa na kiziwi hata mmoja kwa saa nzima. Wanachokijua juu yake wamekiokota huku na kule, na sehemu kubwa ya hicho imetoka kwenye kioo: mhusika mpole, asiye na neno, anayesubiri daktari amponye au mwanamume amwokoe.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Nataka kuieleza historia ya viziwi katika filamu na televisheni, hasa nchini Marekani, ambako historia hiyo imeandikwa kwa kina na ambako filamu zilizotawala dunia zilitengenezwa, kisha nirudi kwetu. Hoja yangu ni moja. Kuwapo kwa kiziwi au kwa lugha ya alama kwenye kioo hakutoshi kuitwa uwakilishi. Swali la msingi ni nani mwenye mamlaka juu ya picha hiyo: nani anamchagua mwigizaji, nani anaiweka kamera, nani anaamua mikono ionekane au ikatwe. Kila mara mamlaka hayo yalipokuwa mbali na viziwi, picha iliwapotosha. Yaliposogea kwao, hata kwa hatua moja, picha ilibadilika.

Kwanza, lugha yetu

Kabla ya kuwanyooshea kidole watu wa Hollywood, tuitazame lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili, kusikia ni zaidi ya kazi ya masikio. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia harufu, na tukitaka kujua kama mtu ametuelewa tunamuuliza, "Umesikia?" Katika lugha ya namna hiyo ni rahisi mno mtu asiyesikia kuonekana mkaidi, mjinga au asiyekamilika. Juu yake likaongezwa neno "bubu", ingawa kiziwi mwenye lugha ya alama huzungumza siku nzima, na asiyeelewa ni sisi.

Wapo waliopendekeza neno "kiziwi" liachwe, kwa kuwa umbo lake linafanana na majina ya vitu, sawa na kipofu na kiwete. Viziwi wenyewe wameamua vingine. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno hilo katika jina lake bila haya. Nami nalitumia kwa sababu hiyo hiyo: jina ambalo watu wamejichagulia lina uzito kuliko jina la heshima wanalotungiwa na wengine. Kanuni hii ndogo ya majina ndiyo kanuni kubwa ya historia ninayoisimulia.

Milan, na kamera ya mwaka 1913

Mwaka 1880 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulifanyika Milan, Italia. Wajumbe, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walipitisha azimio kwamba kumfundisha mtoto kiziwi kusoma midomo na kutamka maneno ni bora kuliko kumfundisha kwa lugha ya alama. Matokeo yake yalikuwa mazito. Katika nchi nyingi za Ulaya, na katika sehemu kubwa ya Marekani, lugha ya alama ilifukuzwa madarasani. Walimu viziwi walipoteza kazi zao, na watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Msomaji aliyesoma enzi za kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama shuleni hahitaji maelezo marefu. Ilipita miaka 130 kabla ya mkutano huohuo wa kimataifa, uliokutana Vancouver mwaka 2010, kueleza masikitiko yake kwa yaliyotendwa Milan.

Katika mazingira hayo, Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1880, kiliiona filamu kwa jicho ambalo wengine hawakuwa nalo. Lugha ya alama haina mapokeo ya maandishi. Hotuba ya mzee hodari ilikufa naye. Kamera ya filamu ilikuwa chombo cha kwanza katika historia ya binadamu kilichoweza kuihifadhi lugha hiyo kama inavyotendeka, kwa mwendo, uso na nafasi. Chama kikachangisha fedha miongoni mwa wanachama wake, na kati ya mwaka 1910 na takriban 1920 kikapiga picha za wasemaji mahiri wa lugha ya alama wa kizazi hicho.

Maarufu kuliko zote ni hotuba ya mwaka 1913 ya George Veditz, aliyekuwa rais wa chama hicho hadi mwaka 1910. Amesimama peke yake mbele ya kamera, mwili wake wa juu wote ukionekana, akieleza kwamba lugha yao inapigwa vita na watu wasioijua, na kwamba ni zawadi bora kuliko zote ambazo Mungu amewapa viziwi. Mwaka 2010 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Naomba wanafunzi wa historia walitazame jambo hili kwa makini. Tumezoea kuanza simulizi ya viziwi katika filamu na wakurugenzi wanaosikia waliowaonea huruma. Tarehe zinakataa. Viziwi waliishika filamu wenyewe tangu mapema, wakaifanya kuwa nyaraka na silaha ya kisiasa, wakati watu wengine bado wakiichukulia kuwa burudani ya maonyesho ya barabarani.

Sauti ilipoingia

Hata katika sinema ya biashara, miaka ya kabla ya sauti ilikuwa na usawa wa aina yake. Filamu hazikuwa na maneno ya kusikika. Maelezo yaliandikwa kwenye kadi zilizoonyeshwa katikati ya matukio, na mengine yote yalibebwa na uso na mwili. Kiziwi aliyejua kusoma alikaa ukumbini na jirani yake anayesikia, wakaiona filamu ileile. Waigizaji viziwi nao walipata nafasi. Granville Redmond, mchoraji kiziwi wa California, alikuwa rafiki wa Charlie Chaplin. Chaplin alimpa nafasi ya kuchorea ndani ya eneo lake la kutengenezea filamu na kumwingiza katika baadhi ya filamu zake, zikiwemo A Dog's Life ya mwaka 1918 na City Lights ya mwaka 1931. Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Kuba, aliigiza katika vichekesho vifupi kwa jina la Tommy Albert.

Oktoba 1927 ilitoka The Jazz Singer, na ndani ya miaka mitatu hivi Hollywood ilikuwa imehamia kwenye filamu za sauti. Vitabu vingi vya historia ya sinema huyaita mabadiliko hayo maendeleo, na kwa walio wengi yalikuwa hivyo. Kwa viziwi yalikuwa kufukuzwa. Kadi za maandishi ziliondolewa, na hakuna aliyewauliza waliokuwa wakizitegemea. Romero alipoteza kazi yake ya uigizaji. Mwaka 1947 alianza kununua nakala za filamu za sauti, kuzikata, na kupachika kadi za maandishi katikati, kisha kuzikodisha kwa vyama vya viziwi. Zilikuwa filamu zenye viraka, lakini zilitazamika. Juhudi za namna hiyo za viziwi wenyewe ndizo zilizotangulia sheria ya mwaka 1958, ambayo kwayo serikali ya Marekani ilianza kugharimia filamu zenye maandishi kwa ajili ya viziwi.

Televisheni ilifuata kwa mwendo uleule wa kujikokota. Kipindi cha mapishi, The French Chef, kilirushwa na maandishi mwaka 1972. Mwaka 1980 yakaanza maandishi ambayo mtazamaji aliweza kuyawasha au kuyazima kwa kifaa maalumu, kifaa ambacho ilimbidi akinunue mwenyewe. Ni sheria ya mwaka 1990 iliyowalazimisha watengenezaji kukiweka ndani ya televisheni zenyewe, kuanzia mwaka 1993. Tangu The Jazz Singer ilikuwa imepita miaka 66. Somo lake ni kwamba chombo kipya cha mawasiliano huja na watu kiliowaacha nje, na gharama ya kuwarudisha huwa kubwa kuliko gharama ambayo ingewabakiza ndani tangu mwanzo.

Uziwi kama vazi

Wakati viziwi wakiwa wameondolewa ukumbini na mbele ya kamera, uziwi wenyewe uligeuka kuwa mtihani wa umahiri wa waigizaji wanaosikia. Jane Wyman alipata tuzo ya Oscar kwa Johnny Belinda ya mwaka 1948, akiigiza msichana kiziwi wa kijijini anayebakwa na ambaye lugha huletewa na daktari mwema. Patty Duke aliipata kwa kumwigiza Helen Keller, aliyekuwa kiziwi na asiyeona, katika The Miracle Worker ya mwaka 1962. Alan Arkin aliteuliwa kuwania tuzo hiyo kwa kumwigiza kiziwi katika The Heart Is a Lonely Hunter ya mwaka 1968. Sikatai kwamba walikuwa waigizaji hodari. Nasema kwamba kwa miongo minne kiziwi alikuwa vazi: mtu mwingine alilivaa, akasifiwa, akalivua na kwenda nyumbani.

Wanaotetea desturi hii husema kuigiza ni kujifanya usiye, na kwamba mwigizaji wa Hamlet hahitaji kuwa mwana wa mfalme. Hoja hiyo inasahau kwamba lugha ya alama ni lugha. Ina sarufi inayokaa usoni na mabegani, si mikononi tu. Kupandisha nyusi kunaweza kuigeuza sentensi kuwa swali. Mwigizaji aliyejifunza ishara kwa wiki sita huzitamka kama mgeni aliyekariri mashairi ya Kiswahili bila kuelewa silabi moja. Watazamaji wanaosikia hawalitambui kosa hilo, nao ndio walio wengi, ndiyo maana liliendelea. Aidha, wana wa wafalme hawajawahi kunyimwa kazi kwa kuwa wana wa wafalme. Viziwi walinyimwa, tena katika nafasi zilizoandikwa kuwahusu wao.

Mfano wa Audree Norton unatosha. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumba la Taifa la Tamthilia la Viziwi, lililoundwa Marekani mwaka 1967, na mwaka 1968 aliigiza katika tamthilia ya televisheni iitwayo Mannix, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa kiziwi. Mwaka 1978, yeye na mumewe, ambaye pia alikuwa kiziwi, walifanyiwa majaribio ya kuwaigiza wazazi viziwi katika filamu ya televisheni. Nafasi hizo walipewa waigizaji wanaosikia. Norton alilipeleka lalamiko lake katika chama cha waigizaji na kusema wazi kilichotokea. Mlango wa Hollywood ukafungwa kwake. Aliyelipa gharama ya ukweli ule ni yule aliyeusema.

Kutoka jukwaani hadi chuoni

Hata hivyo, mambo yalikuwa yameanza kusogea. Mwaka 1967 televisheni ya NBC ilipoonyesha kipindi cha waigizaji wa jumba hilo jipya wakitumia lugha ya alama, chama kilichotetea mafunzo ya kusema kwa midomo kilipeleka malamiko kikitaka kipindi hicho kisionyeshwe. Waliogopa nini? Waliogopa kwamba wazazi wa watoto viziwi wangeiona lugha ya alama ikiwa na uzuri na heshima, na kuitamani kwa ajili ya watoto wao. Wapinzani wa lugha hiyo waliuelewa uwezo wa televisheni vizuri kuliko baadhi ya marafiki zake. Tangu miaka ya 1970 Linda Bove, mwigizaji kiziwi aliyetoka katika jumba hilohilo, alikuwa akionekana katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, na akadumu humo kwa takriban miongo mitatu. Watoto walimwona kama jirani, si kama mgonjwa.

Mwaka 1979 ilitoka filamu ya Voices, ambamo msichana kiziwi aliigizwa na mwigizaji anayesikia. Viziwi walipinga hadharani na kuitaka jamii yao iisusie. Mwaka uliofuata tamthilia ya Mark Medoff, Children of a Lesser God, ilifika Broadway ikiwa na Phyllis Frelich, mwigizaji kiziwi, katika nafasi kuu, naye akatunukiwa tuzo ya Tony. Medoff alikuwa ameweka sharti kwamba nafasi hiyo iigizwe na kiziwi. Ilipofanywa filamu mwaka 1986, sharti hilo lilimfikisha Marlee Matlin kwenye kioo. Mwezi Machi 1987, akiwa na miaka 21, alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kiziwi wa kwanza kupata tuzo hiyo.

Lakini tuitazame filamu yenyewe. Mwalimu anayesikia, aliyeigizwa na William Hurt, hurudia kwa sauti karibu kila kitu ambacho Matlin anakisema kwa mikono, ili mtazamaji anayesikia asihangaike kusoma maandishi. Maneno ya mwanamke yanatufikia kupitia kinywa cha mwanamume, katika simulizi ambayo kiini chake ni mwanamke anayekataa kusemewa. Mara kadhaa kamera inakaribia uso na kuikata mikono, sawa na kumfunika mtu mdomo katikati ya sentensi. Mwigizaji alikuwa halisi na lugha ilikuwa halisi. Mamlaka juu ya picha yalibaki kwingine.

Mwaka mmoja baadaye viziwi waliliuliza swali la mamlaka mahali pengine. Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichopo Washington, chuo cha viziwi kilichoanzishwa mwaka 1864, kilikuwa hakijawahi kuwa na rais kiziwi. Tarehe 6 Machi 1988 bodi ilimteua mtu anayesikia na kuwaacha viziwi wawili waliofika hatua ya mwisho. Wanafunzi walifunga malango. Kwa wiki moja televisheni za Marekani ziliwaonyesha vijana viziwi wakipanga, wakibishana, wakitoa masharti. Aliyeteuliwa akajiuzulu, na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho. Nadhani wiki ile ilibadilisha picha ya kiziwi katika macho ya umma kuliko filamu yoyote iliyoitangulia, kwa sababu simulizi ilikuwa yao: wao ndio waliochagua wapi pa kusimama na nini cha kudai.

Miaka 35 ya kusubiri

Kutoka Oscar ya Matlin hadi ya mwigizaji kiziwi aliyefuata ilipita miaka 35. Machi 2022 Troy Kotsur aliipata kwa filamu ya CODA, inayohusu familia ya wavuvi ambayo wazazi na mwana ni viziwi na binti anasikia. CODA iliongozwa na Sian Heder, kutokana na filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014, La Famille Bélier, ambamo wazazi viziwi waliigizwa na waigizaji mashuhuri wanaosikia. Tofauti kati ya filamu hizo mbili haikuletwa na mvua. Wagharimiaji walipoonyesha nia ya kumtafuta mtu maarufu anayesikia kwa nafasi ya baba, Matlin, aliyekwisha kuchukuliwa kuwa mama, alisema wakifanya hivyo yeye anajiondoa. Mwanamke aliyepewa nafasi mwaka 1986 kwa sharti la mwandishi alikuwa sasa na uzito wa kuweka sharti lake mwenyewe.

Athari yake ilifika hadi kwenye meza, taa na kamera. Mabingwa viziwi wa lugha ya alama waliajiriwa kusimamia tafsiri ya mazungumzo na mpangilio wa chumba, kwa sababu familia ya viziwi hupanga viti ili watu waonane, na kamera inayojua hilo hukaa mahali tofauti. Usiku wa tuzo, mwigizaji wa Korea Youn Yuh-jung, baada ya kumkabidhi Kotsur sanamu yake, aliipokea tena na kumshikia ili mikono yake iwe huru kuzungumza. Ni kitendo kidogo, lakini kinafundisha heshima kwa lugha kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kwenye makongamano.

Hata hivyo, CODA haikumaliza safari. Mhusika wake mkuu ni msichana anayesikia, na kinachompeleka duniani ni uimbaji, sanaa ambayo wazazi wake hawawezi kuifikia kwa njia anayoifikia yeye. Viziwi wengi waliisifu, na wengi waliuliza ni lini wao watakuwa kitovu cha simulizi badala ya mzigo au baraka katika maisha ya mtu mwingine. Mwaka 2025 ilitoka filamu ya kumbukumbu kuhusu yale ya Gallaudet, Deaf President Now!, ambayo mmoja wa wakurugenzi wake wawili, Nyle DiMarco, ni kiziwi na mhitimu wa chuo hichohicho. Hapo mkono umefika kwenye kiti cha mkurugenzi.

Na kwetu

Marekani na Afrika zinaunganishwa katika historia hii na mtu mmoja walau: Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi, wa kwanza miongoni mwa weusi kuhitimu Gallaudet, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, na kuanzia hapo akaanzisha nyingine nyingi barani Afrika, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi Desemba 1987. Foster alifundisha kwa ishara, wakati shule nyingi za wamisionari zikishikilia mafunzo ya midomo. Kizazi cha viziwi wasomi wa Afrika kinadaiwa shukrani kwake, na pia kinajadili athari za ishara za Kimarekani juu ya lugha za alama za wenyeji.

Sheria zetu si maskini. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kukuza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia katika Bunge la nchi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Kabla ya hapo, sheria ya Kenya ya mwaka 2003 kuhusu watu wenye ulemavu ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 unavitaja viziwi na utamaduni wao waziwazi.

Pamoja na hayo, tumekubali kwamba kilele cha lugha ya alama katika televisheni ni kile kidirisha cha pembeni chini ya kioo, ambamo mkalimani hutoshea kama stempu kwenye bahasha. Ukalimani ni huduma ya lazima, na ninawaheshimu wanaoifanya. Lakini kidirisha kinamfikishia kiziwi maneno ya watu wengine, na hakileti maneno yake kwa watu wengine. Ni njia ya upande mmoja. Tena hata hiyo huduma hatuisimamii. Tarehe 10 Desemba 2013, katika kumbukumbu ya Nelson Mandela huko Johannesburg, mtu alisimama kando ya wakuu wa dunia akipunga mikono kwa saa kadhaa bila kusema kitu chenye maana katika lugha yoyote ya alama. Viziwi wa Afrika Kusini walilitambua hilo mara moja na kulisema, miongoni mwao mbunge kiziwi Wilma Newhoudt-Druchen. Waandaaji hawakulitambua, kwa kuwa hakuna kiziwi aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani asimame pale. Lugha ilikuwa imegeuka pambo.

Upande wa filamu, historia yetu ina mwaka wake wa 1927. Vibanda vya video vilipoenea, filamu za ng'ambo zilitufikia kwa sauti za wasimuliaji: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, wenzao wa Kampala. Ni sanaa ninayoipenda, iliyowapa wasiojua Kiingereza haki ya kufurahia filamu. Ilimfungulia mlango kila mtu isipokuwa kiziwi. Filamu zetu wenyewe za Bongo zilipokuja, nyingi ziliandikwa tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, kwa matumaini ya soko la nje. Kiziwi wa Tandale aliyesoma Kiswahili kwa taabu akakuta mazungumzo ya Kiswahili hayasikiki kwake na maandishi yapo katika lugha ya tatu.

Na wengine wanapotusimulia, matokeo tunayajua. Mwaka 2014 televisheni ya Uingereza ilionyesha filamu fupi kuhusu kijana wa miaka 15 wa kaskazini mwa Uganda ambaye hakuwa amefundishwa lugha yoyote hadi alipopelekwa kwenye somo la lugha ya alama. Dunia ililia ilipouona uso wake ukichangamka. Mimi pia iligusa moyo wangu. Lakini mwalimu wake, ambaye mwenyewe ni kiziwi, ndiye simulizi tuliyoikosa: alijifunza wapi, analipwa na nani, anawafikia wangapi, anasema nini kuhusu serikali yake. Machozi yalikwenda kwa kijana, maswali hayakwenda popote. Na mtoto anayekaa miaka 15 bila lugha hayuko hivyo kwa sababu ya masikio yake. Yuko hivyo kwa sababu jamii iliyomzunguka haijawahi kuiona lugha ya alama ikitumika mahali penye heshima, hivyo haikujua kwamba ipo ya kumpa.

Ndiyo maana nawaomba watumishi wa umma walioko katika mamlaka za utangazaji na bodi za filamu waache kuhesabu vidirisha peke yake. Yapo maswali matatu ya kuuliza kwa kila kipindi au filamu inayodai kuwawakilisha viziwi. Je, kiziwi alishiriki kuamua, au aliitwa tu kupigwa picha? Je, mkalimani ameidhinishwa na viziwi wenyewe kupitia vyama vyao? Je, kiziwi anayeitazama kazi hiyo anaielewa yote, kwa ishara na kwa maandishi ya lugha anayoisoma? Maswali haya hayahitaji fedha za Hollywood. Maandishi ya Kiswahili chini ya filamu ya Kiswahili ni kazi ya siku chache kwa mhariri mmoja mwenye kompyuta.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno jingine. Veditz hakusubiri sera. Alikuwa na kamera, fedha zilizochangwa na watu wake, na jambo la kusema. Leo simu ya kawaida mkononi mwa kijana kiziwi wa Tabora au Kisumu ina kamera bora kuliko ile ya mwaka 1913, na vijana hao tayari wanazungumza, wanataniana na kufundishana mitandaoni kwa lugha yao. Anayetaka kuwatetea na aanze kwa kuwatazama, kisha awaulize wanataka kamera iwekwe wapi.